Kutoka Ubao wa Chuoni hadi Wino wa Kielektroniki

Katika vyuo vya Kurani vya pwani yetu, zamani kabla daftari halijawa kitu cha kununua katika duka lolote la mtaani, mtoto alianzia kwenye ubao. Ulikuwa kipande cha mti kilichopigwa randa kikawa laini, chenye ukubwa wa kukaa vizuri juu ya mapaja ya mtoto aliyekunja miguu jamvini. Mwalimu alichovya kalamu ya mwanzi katika wino wa masizi, akaandika herufi za kwanza; mtoto akazifuata kwa kidole huku akizitaja kwa sauti, kisha akajaribu kuziandika mwenyewe chini ya zile za mwalimu. Somo likishakaa kichwani, ubao ulioshwa kwa maji na kuanikwa juani. Ukikauka, ulikuwa tayari kwa somo jingine.

Naanzia hapo kwa sababu kazi yangu ni kusoma miswada ya watu na kuandika maoni pembeni, na haipiti wiki bila mtu kuniuliza anunue kisomeo gani, yaani kile kifaa chembamba cha kielektroniki cha kusomea vitabu, ambacho siku hizi huja na kalamu yake. Wengi huanza na bei na jina la kampuni. Mimi huwarudisha kwenye ubao. Kwa yule mtoto, kusoma na kuandika vilikuwa tendo moja juu ya kitu kimoja: jicho lilisoma, mkono ukajibu palepale. Safari ndefu ya ukurasa, tangu udongo hadi umeme, naiona kuwa safari ya mkono kutafuta nafasi ya kulijibu jicho. Anayetaka kuchagua kisomeo kizuri hana budi kuijua.

Wasumeri wa kusini mwa Iraki ya leo walianza kuandika zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, nao waliandikia udongo mbichi wa mfinyanzi kwa kijiti cha tete. Miongoni mwa vibao vilivyochimbuliwa huko kuna vya wanafunzi, vya mviringo kama mkate mdogo, vinavyoenea kiganjani. Mwalimu ameandika mfano kwa mkono uliozoea, na mwanafunzi ameunakili kwa mkono unaotetemeka. Udongo ukiwa mbichi, kosa lilisawazishwa kwa kidole na kuandikwa upya. Ukikauka, maneno yalibaki. Vingi vimebaki hadi leo, pamoja na makosa ya watoto waliokufa maelfu ya miaka iliyopita. Nikiviona katika picha nawaonea huruma watoto wale, na papo hapo nawaona jamaa zangu.

Misri walikuwa na mafunjo, mmea uleule unaoota katika vinamasi vya Ziwa Viktoria, Uganda na Rwanda. Shina lilichanwa vipande vyembamba, vikapangwa kwa kupishana, vikagongwa na kukaushwa vikawa kurasa za kuandikia. Mwaka 2013, katika bandari ya kale ya Wadi al-Jarf kwenye Bahari ya Shamu, wachimbuzi walikuta mafunjo ya kale kuliko yote yenye maandishi yanayojulikana. Humo mna kumbukumbu za kila siku za msimamizi mmoja aitwaye Merer, aliyesafirisha mawe ya chokaa kwa jahazi kwa ajili ya piramidi ya Khufu, miaka ipatayo 4,600 iliyopita. Maandishi ya kale kiasi hicho, nayo ni daftari la kazini.

Mafunjo yaliunganishwa yakawa gombo, na gombo lina shida moja ambayo huonwa na aliyewahi kulishika. Linataka mikono yote miwili: mmoja unafungua, mwingine unakunja. Msomaji hana mkono wa tatu wa kushika kalamu. Ndiyo maana Wagiriki na Warumi, walipotaka kuandika lao, waliandika kwingine, juu ya vibao vya mbao vilivyopakwa nta. Kijiti cha kuandikia kilikuwa na ncha kali upande mmoja ya kuchorea, na ubapa upande wa pili wa kufutia. Vibao hivyo ni vya kale kuliko Warumi. Meli iliyozama karibu miaka 3,300 iliyopita karibu na Uluburun, Uturuki, ilikuwa na kimoja: mbao mbili ndogo zilizoungwa kwa bawaba ya pembe za ndovu, zikifunguka na kufungika kama kitabu.

Basi tangu zamani hizo palikuwa na nyuso za namna mbili. Kuna nyuso za kufuta, kama nta na ubao wa chuoni, za kujaribia na kukosea. Kuna na nyuso za kutunza, kama mafunjo, ngozi na karatasi. Mwanafunzi alihitaji zote mbili, naye alizibeba mbalimbali.

Mageuzi makubwa yalikuja pale kurasa zilipokatwa, zikapangwa na kushonwa upande mmoja. Katika karne nne za kwanza baada ya Kristo, kitabu cha namna hii kililishinda gombo hatua kwa hatua katika nchi zilizoizunguka Bahari ya Mediterania. Sababu hutajwa nyingi: kinabebeka, kinaandikwa pande mbili, mahali hupatikana upesi. Mimi naongeza ya mkono. Kitabu kikilazwa mezani hukaa wazi chenyewe, na mkono mmoja unapata nafasi. Pembeni mwa maandishi pakabaki eneo jeupe, na jeupe lile likawa mali ya msomaji. Tunaliita pambizo.

Karatasi ilitoka China, ambako Cai Lun alimwonyesha mfalme wake namna ya kuitengeneza mwaka 105, ikapita Samarkand ikafika Baghdad katika karne ya 8. Wanazuoni wa Kiislamu wakaijaza. Maelezo ya mwalimu yalizunguka matini pande zote, na maelezo juu ya maelezo yakaandikwa nje ya hayo, hata pambizo likawa darasa zima la watu waliotenganishwa na karne wakizungumza juu ya neno moja. Desturi hiyo iliingia pwani yetu. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, uliotungwa Pate, umetufikia kwa hati za Kiarabu juu ya karatasi. Katika miswada ya Hamziya, ile kasida ya kumsifu Mtume, mstari wa Kiarabu umekaa juu na mstari wa Kiswahili umeandikwa chini yake. Nauhesabu mpangilio huo kuwa miongoni mwa mambo mazuri kabisa yaliyowahi kufanywa kwa lugha yetu: Mswahili amesoma, na katikati ya mistari aliyoisoma ameweka jibu lake. Mkono ule uliendelea kufanya kazi hadi karne ya 20, kwa watu kama Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi na mwandishi wa hati, ambaye nakala zake zimehifadhiwa London na Ujerumani.

Uchapishaji haukuliua pambizo. Mfaransa Pierre de Fermat, yapata mwaka 1637, aliandika kando ya kitabu cha hesabu cha Diophantus kwamba amepata uthibitisho wa ajabu wa kanuni moja, ila nafasi ya pale haikutosha kuuandika. Mwanawe alizichapisha kumbukumbu hizo mwaka 1670, baba akiwa ameshafariki. Wanahisabati walihangaika na mistari ile michache hadi miaka ya 1990, Mwingereza Andrew Wiles alipoithibitisha. Penseli ya grafiti iliyotokana na machimbo ya Borrowdale, Uingereza, na baadaye kalamu ya bolpeni aliyoivumbua László Bíró katika miaka ya 1930, zilimpa kila msomaji chombo cha bei nafuu. Mtu na kitabu chake na penseli sikioni: hakuna kilichopungua.

Kilichotenga jicho na mkono ni kompyuta.

Julai 1971, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Michael Hart aliandika Azimio la Uhuru la Marekani kwenye kompyuta ili yeyote aweze kulisoma, na kwa hatua hiyo akaanzisha Project Gutenberg. Ilikuwa zawadi kubwa kwa watu wasio na maktaba karibu, nami nimeifaidi. Lakini aliyesoma kwenye skrini alisoma mikono mitupu. Isitoshe, skrini ile ni taa. Inampelekea msomaji mwanga usoni, na juani inafifia. Mwalimu wa Tanzania aliyepewa kishikwambi kilichotumika katika Sensa ya 2022 anaijua hali hii. Akitoka nacho chini ya mwembe saa sita mchana, anajiona uso wake mwenyewe badala ya maneno.

Waliotafuta dawa ya jambo hili walianza mapema. Mwaka 1972 Alan Kay, akiwa katika maabara za Xerox huko California, alieleza kompyuta ya mtoto yenye ukubwa wa daftari, ambayo mtoto angeisoma na kuiandikia. Mwenzake wa Xerox, Nicholas Sheridon, katika miaka hiyohiyo ya 1970 alibuni karatasi yenye vijitufe vidogo, nusu vyeupe nusu vyeusi, vilivyogeuzwa kwa umeme. Wazo la pili ndilo lililozaa matunda, kwa mikono ya watu wengine. Katika Chuo cha MIT, Joseph Jacobson na wanafunzi wake Barrett Comiskey na J. D. Albert walitengeneza wino wa kielektroniki, na mwaka 1997 wakashiriki kuanzisha kampuni ya E Ink.

Namna wino huo unavyofanya kazi inastahili kuelezwa polepole, kwa kuwa ndiyo inayokitofautisha kisomeo na simu. Chini ya uso wa skrini kumetandazwa vidonge vidogo mno, upana wa kila kimoja ukikaribia unene wa unywele. Ndani ya kidonge mna kimiminika angavu, na ndani ya kimiminika zinaelea chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji za umeme zinazopingana. Umeme ukivuta upande mmoja, nyeupe zinapanda juu na mahali pale panakuwa peupe. Ukigeuzwa, nyeusi zinapanda na herufi inatokea. Zikishapanda zinakaa. Umeme hauhitajiki tena mpaka ukurasa ugeuzwe, na ndiyo sababu betri hudumu majuma badala ya saa. Mwanga unaouona ni ule wa jua au wa taa yako, uliogonga chembe na kurudi, kama unavyorudi kwenye karatasi. Kwa sisi ambao umeme hukatika bila taarifa na jua halikatiki, sijui kifaa gani cha kisasa kinachotufaa zaidi.

Sony walitangulia sokoni mwaka 2004 kwa Librié, iliyouzwa Japani. Novemba 2007 Amazon wakatoa Kindle kwa dola 399, na shehena ya kwanza ikaisha kwa saa chache. Dunia ikaanza kusoma tena bila taa usoni. Mkono ukasahauliwa. Kindle ile ilikuwa na vitufe vidogo, na aliyetaka kuandika wazo lake alilibonyeza herufi moja moja.

Mwaka 2009, katika Chuo Kikuu cha Princeton, baadhi ya madarasa yalipewa Kindle DX yenye skrini kubwa ili kupunguza karatasi. Karatasi ilipungua kweli, ila wanafunzi walilalamika kwamba hawawezi kuandika pembeni wala kupiga mistari kama walivyozoea. Waholanzi walikuwa wameshaliona hilo. Kampuni ya iRex, iliyotoka ubavuni mwa Philips huko Eindhoven, ilitoa iLiad mwaka 2006, ikiwa na kalamu na skrini ya inchi 8. Ilikuwa ghali na nzito kuamka, na mwaka 2010 kampuni ikafilisika. Nawaheshimu. Walikosea bei na wakati, lakini walikuwa wamelielewa tatizo.

Baada yao mambo yalikwenda taratibu, kisha yakaja kwa pamoja. Sony walijaribu kifaa cha inchi 13.3, karibu ukubwa wa A4, kikauzwa Marekani kwa dola 1,100 na kusoma PDF tu. Mwaka 2017 reMarkable wa Oslo, Norwei, wakaanza kusambaza chao cha inchi 10.3, ambacho kazi yake kuu ilikuwa kuandika. Wachina wa Guangzhou wana Boox, inayotumia Android. Kobo walileta Elipsa mwaka 2021, na Amazon wakaitoa Kindle Scribe mwishoni mwa 2022, miaka 15 baada ya Kindle ya kwanza. Hata hiyo Scribe ilipotoka, mwandiko wako ndani ya vitabu vya dukani ulikaa kwenye kijikaratasi kilichofungwa juu ya ukurasa, wala si pambizoni. Watu walichukua karne kadhaa kulipata pambizo, na wahandisi wetu nao wamelitafuta kwa miaka.

Sasa niseme la kuchagua.

Anza na unachosoma. Karatasi ya A4 iliyochapwa kwa herufi za pointi 12, ikibanwa kwenye skrini ya inchi 6, herufi zake zinashuka hadi pointi 5 hivi. Ni maandishi ya chini ya chupa ya dawa. Skrini ya inchi 10.3 ina upana wa sentimita 15.7 na urefu wa 21, karibu sawa na daftari la A5, na herufi zilezile zinabaki takribani pointi 8 na nusu, zinasomeka. Kwa hiyo mwanafunzi wa chuo, mwanasheria, mhariri na yeyote anayeishi kwa PDF zilizopigwa picha, asidanganywe na unafuu wa kile kidogo. Msomaji wa riwaya yuko huru. Faili ya riwaya hujipanga upya kulingana na skrini, na kifaa cha inchi 7 kama Kobo Libra Colour, chenye gramu 200 hivi na kinachokubali kalamu, kitamtosha kitandani na kwenye daladala.

Uzito ndio starehe yenyewe, nao hausikiki dukani. Scribe ya kwanza ina gramu 433 bila jalada, reMarkable 2 karibu 400. Kwa dakika tano si kitu. Kwa saa moja, ukiwa umelala chali, mkono unachoka na kusoma kunakoma. Hivi vikubwa ni vya mezani na mapajani, kama ubao. Mwanga nao ujulikane mapema: reMarkable ya kwanza na ya pili hazina taa ya ndani kabisa, na mwenye kusoma usiku wenzake wakiwa wamelala atajuta.

Kalamu ijaribiwe kwa mwandiko wa kawaida, si kwa kuchora duara. Andika sentensi upesi, kama unavyoandika mkutanoni. Tazama ncha: je, wino unatoka chini yake au unaifuata nyuma kidogo? Sikiliza. Uso ulioparuzwa kidogo hutoa mkwaruzo hafifu kama wa penseli kwenye karatasi, na mkono unapata pa kushika. Kioo kitupu kinateleza, mwandiko unageuka wa mtu mwingine. Mkwaruzo huo hula ncha ya kalamu, kwa hiyo uliza ncha za akiba zinapatikana wapi na kwa bei gani. Kalamu nyingi nzuri hazina betri, hupata nguvu kutoka kwenye skrini yenyewe. Pendelea hizo.

Je, mwandiko wa mkono una faida kweli? Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanafunzi walioandika kwa mkono walijibu maswali ya kuelewa vizuri kuliko waliochapa kwenye kompyuta. Tafiti zilizofuata hazikuyapata matokeo hayo kwa nguvu ileile. Mimi siusimamishi uamuzi wangu juu ya utafiti mmoja. Nausimamisha juu ya miaka yangu ya kazi: sentensi mbovu ya mwandishi naiona vizuri mkono wangu ukiwa unaizungushia duara.

Limebaki moja, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Kisomeo changu cha kwanza chenye kalamu kilinifurahisha miezi saba. Nilisoma humo miswada minne, nikajaza pembeni maswali na marekebisho. Kisha akaunti yangu ikafungwa kwa kosa ambalo sikuelezwa, na ilipofunguliwa vitabu vilirudi, mwandiko haukurudi. Nilikuwa nimeandika juu ya uso wa kufuta nikidhani ni wa kutunza. Mtoto wa chuoni aliujua ubao wake kwamba utaoshwa, na mwenye kuumwagia maji alikuwa yeye. Miswada ya Lamu ilikaa sandukuni, mchwa na unyevu vikaitafuna, lakini hakuna aliyeweza kuifuta akiwa nchi nyingine.

Kwa hiyo ukipata kisomeo cha kujaribu, chako cha kununua au cha kuazima, fanya hivi kabla hujatoa pesa. Fungua kitabu au PDF unayoisoma sasa, andika maneno matatu pambizoni kwa mwandiko wako wa kila siku, kisha jaribu kuutoa ukurasa huo pamoja na maneno yako na kuutuma kwenye simu yako au kompyuta yako kama faili ya kawaida. Ikifika na maneno yako yapo, angalia uzito na ukubwa, ulipe. Isipofika, rudisha kifaa, ununue daftari la kurasa 200 na penseli.